Kujua mashine hakutoshi: nani amefuzu kusaini ripoti ya dawa za kulevya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naitwa Rehema, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimemaliza shahada ya kemia pale Mlimani na ndoto yangu ni kufanya uchunguzi wa dawa za kulevya kwenye maabara ya sayansi jinai. Kaka yangu ni wakili. Ananiambia kazi yenyewe siku hizi inafanywa na mashine, mtu akishajua kutumia GC-MS, ile mashine ya kutenganisha na kuchambua kemikali, tayari ni mtaalamu, mengine ni makaratasi tu. Naomba unieleze ni mafunzo gani hasa yanamfanya mtu awe mchunguzi wa kuaminika, na ni nani anayepanga viwango hivyo.

JIBU: Marahaba, Rehema. Nianze na kaka yako, maana huenda siku moja mawakili wenzake ndio watakaokuhoji ukiwa kizimbani. Amepatia aliposema mashine zimebadilisha kazi hii. Alipokosea ni kudhani kwamba mashine ndiyo inayotaja jina la dawa.

Chukua methamfetamini. Ukiipitisha kwenye GC-MS, molekuli zake zinavunjika vipande, na kipande kinachotokea kwa wingi kuliko vyote kina uzito wa 58. Sasa pitisha MDMA, ile ya vidonge vya kwenye kumbi za starehe. Kipande kikubwa ni 58. Pitisha efedrini, ambayo imetumika miaka mingi kwenye dawa za mafua na pumu, utakuta 58 tena. Kompyuta itakuletea orodha ya majina yanayofanana, kila moja na alama zake, na si lazima jina la juu liwe ndilo lenyewe. Mchunguzi aliyefundishwa haishii kwenye orodha hiyo. Anaangalia vipande vidogo vilivyosimama pembeni ya kile kikubwa, anaangalia dutu imetoka dakika ya ngapi kwenye kolamu, yaani mrija mwembamba unaotenganisha vilivyochanganyika, kisha analinganisha na dawa safi inayojulikana, iliyopitishwa kwenye mashine ileile na kwa mpangilio uleule. Kabla ya hapo atakuwa amepitisha kiyeyusho kitupu kuhakikisha hakuna mabaki ya sampuli iliyotangulia.

Hata baada ya yote hayo kuna mambo mashine hiyo haikuambii. Kokeini ya chumvi na kokeini ya kuvuta, yaani krak, zote hutoka zikiwa kitu kimoja, kwa sababu joto la pale sampuli inapoingia linafuta tofauti yao. Ukitaka kuzitenganisha unahitaji kipimo cha miale ya infraredi. Dawa mpya za maabara nazo, zile zinazotofautiana kwa chembe moja tu kuhama nafasi kwenye pete ya molekuli, zinaweza kutoa grafu zinazofanana hadi ukapotea. Mtu aliyefundishwa kubonyeza tu hatajua kwamba amefika mahali ambapo mashine yake imeishiwa.

Na tukumbuke ripoti hiyo inakwenda wapi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, kusafirisha dawa kwa kiwango kikubwa ni kifungo cha maisha. Askari aliyekamata hawezi kujua kwa macho kama ule unga ni heroini au ni vidonge vya maumivu vilivyosagwa. Hakimu hawezi, wakili hawezi, na mara nyingine hata mshtakiwa mwenyewe hajui alichopewa abebe. Wote wanasubiri karatasi yenye saini ya mkemia. Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba viwango vya fani hii vinapaswa kumbana mtu kwanza, halafu ndiyo vifaa.

Sasa nani anapanga viwango. Marejeo yanayotumika zaidi duniani ni ya kikosi kazi cha wanasayansi kiitwacho SWGDRUG, kilichoanzishwa 1997 kwa msaada wa mamlaka za dawa za kulevya za Marekani, kikaingiza wataalamu wa nchi nyingine pia. Mapendekezo yao hayauzwi, yako wazi kwa kila mtu, na ningekuomba uyasome kabla hujaomba kazi popote. Wamepanga mbinu za uchunguzi katika makundi matatu kwa kadiri zinavyoweza kutofautisha dutu moja na nyingine. Kundi A lina infraredi, Raman (kipimo cha mwanga), spektrometa ya masi (ile MS ya GC-MS), NMR (kipimo cha sumaku) na miale ya X ya kuchunguza fuwele. Kundi B lina kromatografia, yaani mbinu za kutenganisha vilivyochanganyika, za aina mbalimbali na, kwa bangi, uchunguzi wa mmea kwa macho na kwa hadubini. Kundi C lina vipimo vya rangi na vingine vya kuashiria tu. Kanuni ya chini kabisa: ukitumia mbinu ya kundi A, iongezee angalau nyingine moja. Usipokuwa na mbinu ya A, fanya angalau tatu tofauti, mbili kati yake ziwe za B zisizotegemeana. Na sampuli ikitosha, kipimo cha pili kichukuliwe kwenye mchoto mwingine kabisa, ili chupa ikichafuka au lebo ikibadilishwa kosa lijitokeze lenyewe.

Kuhusu mtu, kikosi hicho kinataka shahada ya sayansi asilia yenye kemia ya jumla, ya ogania na ya uchambuzi, pamoja na mazoezi ya maabara ya masomo hayo. Hapo uko salama. Kinataka pia programu ya mafunzo iliyoandikwa, yenye walimu waliobobea na mitihani, na baada ya kufuzu, mafunzo endelevu ya saa 20 kila mwaka. Ulaya wana mtandao wao wa maabara, ENFSI, nao wana miongozo inayokaribiana na hiyo. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, inatoa vitabu vya mbinu bure, na mara mbili kwa mwaka inazitumia maabara za nchi mbalimbali sampuli za kujipima. Juu ya yote kipo kiwango cha ISO/IEC 17025, toleo la 2017, kwa maabara zote za upimaji. Kwa ukanda wetu ithibati ya kiwango hicho, yaani utambuzi rasmi kwamba maabara inakifikia, hutolewa na SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC chenye makao Gaborone. Kaa ukijua kwamba ithibati hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji na isiwe nayo kwa heroini, kwa hiyo ukisikia "maabara yetu ina ithibati", uliza ya kipimo gani.

Hapa nyumbani kazi hii ina mizizi mirefu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilianza 1895, enzi za Wajerumani, na 2016 Bunge liliifanya kuwa mamlaka kamili kwa sheria yake.

Nikupeleke kwenye kigae sasa, kwa sababu huko ndiko mafunzo yanakoanzia. Kipimo cha rangi kinafanyika kwenye kigae cheupe cha kauri chenye vishimo. Mwanafunzi mvivu anaweka chembe ya unga kwenye kishimo kimoja, anadondosha kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, anaona rangi, anaandika. Mwanafunzi aliyefundishwa anatumia vishimo vitatu. Cha kwanza hakiwekwi kitu, kitendanishi peke yake, kuona kama hakijaharibika na kama kigae ni kisafi. Cha pili kinawekwa dawa inayojulikana. Cha tatu ndicho cha sampuli. Kwa kitendanishi cha Marquis, heroini inatoa zambarau na methamfetamini inatoa chungwa linaloelekea kahawia. Kwa kobalti thiosayaneti, kokeini inatoa buluu, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: lidokeini, dawa ya ganzi, inaweza kutoa buluu, na difenhaidramini, dawa ya mzio inayouzwa madukani, inaweza pia. Lidokeini wakati mwingine huchanganywa makusudi kwenye unga wa mitaani kwa sababu inatia ganzi ulimini kama kokeini. Kwa hiyo buluu ile inakuambia "endelea kuchunguza" na haikuambii kitu kingine. Mkufunzi mzuri humpa mwanafunzi unga wa lidokeini bila kumwambia, kisha anakaa pembeni kuona ataandika nini.

Mchunguzi huyo pia anaandika palepale, kwa kalamu ya wino, anachokiona: "zambarau iliyotokea mara moja, ikakolea". Haandiki "chanya" na kupita. Akikosea anakata kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani likisomeka, anaweka herufi za jina lake na tarehe. Kaka yako akiyaita hayo makaratasi, mwambie ndiyo hayohayo yeye atakayoyaomba siku ya kumhoji shahidi.

Kama anataka mfano wa kinachotokea makaratasi yakiwa mapambo, Boston, Marekani, wanao. Annie Dookhan alikuwa mkemia wa maabara ya serikali ya jimbo la Massachusetts iliyopima vielelezo vya dawa za kulevya. Alisifika kwa kasi. Idadi ya sampuli alizomaliza iliwaacha mbali wenzake. Ilipofika 2012 ikabainika kwamba sampuli nyingi aliziangalia kwa macho tu na kuandika kwamba amezipima, nyingine alizichafua makusudi ili zitoe jibu alilokwisha kuliandika, na shahada ya uzamili aliyodai kuwa nayo hakuwa nayo. Maabara ikafungwa. Mwaka 2013 alikiri makosa, akafungwa. Aprili 2017 mahakama ya juu ya jimbo ikafuta zaidi ya kesi 21,000. Fikiria hilo, Rehema: waliokuwa na hatia na wasiokuwa nayo wakawa kitu kimoja, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kuwatenganisha.

Na maabara ile ilikuwa na GC-MS. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kasi hiyo inatoka wapi, wa kuhakiki cheti chake, na wa kuingiza sampuli za mtego kwenye foleni yake. Aprili hiyohiyo ya 2017 sisi huku tulikuwa tunasomewa matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, kwa hiyo suala la cheti halihitaji maelezo marefu kwa Mtanzania. Hizo sampuli za mtego ndizo ningependa zizungumzwe zaidi. Maabara ya sayansi jinai ya Houston inaingiza kwenye kazi za kila siku vielelezo bandia vinavyofanana na vya kweli, mchunguzi asijue. Sampuli za UNODC ni nzuri sana, lakini zinafika zikijulikana kuwa ni mtihani, na kila mtu huwa makini siku ya mtihani. Ningekuwa na uamuzi, ningeweka sampuli za mtego katika kila maabara ya dawa za kulevya ya ukanda huu, na ningepiga marufuku kumpandisha mtu cheo kwa idadi ya sampuli alizomaliza.

Kuna eneo jingine ambalo wahitimu wetu huja nalo likiwa dhaifu, nalo ni takwimu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Hakuna maabara duniani inayopima kila gramu ya shehena ya namna hiyo. Inachukua sampuli, na jinsi ya kuzichukua ina hesabu yake. Tuseme una pakiti 100 zinazofanana. Ukichagua 23 bila upendeleo na zote zikawa na dawa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau pakiti 90 zina dawa. Zikiwa pakiti 1,000, watu wengi wanadhani utahitaji 230. Unahitaji 28. Ni hesabu ileile, na jaji akikuuliza "ulijuaje zile ambazo hukuzifungua?" lazima uweze kuieleza. Ila inakubalika kwa sharti kwamba pakiti zinafanana kweli: rangi, ufungaji, harufu, alama. Zikiwa na sura mbili, hayo ni makundi mawili, na kila kundi linahesabiwa peke yake. Mchunguzi anayechota pakiti za juu kwa sababu ziko karibu na mkono ameiharibu hesabu yote kabla hajawasha mashine.

Uzito nao ni suala la kisheria, kwa kuwa sheria yetu inapanga ukubwa wa kosa kwa gramu na kilo. Unapima ikiwa na kifungashio, unapima bila kifungashio, unaandika vyote viwili. Mizani ihakikiwe na wenye mamlaka ya ugezi, yaani kuhakiki vipimo, kama wale wa Shirika la Viwango, TBS, pale Ubungo, na kila asubuhi uiwekee jiwe la kupimia na kuandika ilisoma ngapi. Bangi mbichi ikikauka inapungua uzito, kwa hiyo kilo za siku ya kukamatwa na kilo za maabara zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kuiba. Usipoliandika hilo mapema, upande wa utetezi utalisema kwa maneno yao.

Dawa zenyewe pia hazikai zilivyo. Majani ya mirungi yakikauka, kathinoni, ambayo ndiyo kemikali yake yenye nguvu, inageuka kuwa kathini iliyo dhaifu zaidi. THC, kemikali inayolevya ya kwenye bangi, inageuka taratibu kuwa kanabinoli. Heroini ikikaa kwenye unyevu inaanza kurudi kuelekea mofini. Kwa joto la Dar es Salaam, kielelezo kilichokaa miezi kwenye stoo isiyo na ubaridi kinaweza kufika mezani kwako kikiwa kimebadilika, na ni wewe wa kujua kwamba ulichokiona leo hakikuwa lazima hivyo siku ya kukamatwa. Hapa ndipo mlolongo wa utunzaji wa vielelezo unapoingia: nani alikamata, nani alifunga na kuweka lakiri, nani alipokea, saa ngapi, ikiwa katika hali gani. Mahakama ya Rufani imelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi. Mkemia asipokagua lakiri kabla ya kufungua bahasha, uchunguzi wake wote unaweza kuanguka hata kama kemia yake haina doa. Lakiri ikiwa imevunjika, hufungui. Unaandika, unapiga picha, unamwita aliyeleta.

Sasa mafunzo yenyewe yaweje. Kwa mtazamo wangu mhitimu kama wewe asisaini ripoti yoyote mwanzoni. Asome kwanza nadharia na sheria, atazame mkongwe akifanya, kisha afanye yeye mkongwe akitazama, kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Afanyiwe mtihani wa maandishi, wa vitendo na wa mdomo. Akifaulu apewe kibali cha dawa moja moja: leo bangi, kesho heroini, baadaye zile ngumu zaidi. Ripoti zake za mwanzo zipitiwe zote na mtu wa pili aliyefuzu, anayesoma grafu zenyewe badala ya kusoma hitimisho na kuweka saini. Akikaa muda mrefu nje ya benchi, apimwe upya. ISO/IEC 17025 inataka maabara iwe na kumbukumbu za mafunzo, usimamizi, idhini na ufuatiliaji wa kila mfanyakazi, kwa hiyo faili lako binafsi ni sehemu ya ushahidi sawa na grafu.

Sehemu ya mwisho ya mafunzo ni kesi ya kuigiza, na hii hairukwi. Anavaa suti, anasimama, mawakili wanamkaba. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, nami nimewaona wakemia wazuri wakishindwa kueleza kromatografia kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzee wa miaka sabini aliyekaa nyuma akimsubiri mwanawe. Jifunze kusema: "Mashine hii inatenganisha vitu vilivyochanganyika, kila kimoja kinatoka kwa wakati wake, kisha inavivunja na kupima vipande." Jifunze pia kusema "hilo kipimo changu hakiwezi kulijibu" bila kutetemeka. Wakili akikuuliza kama kete iliyokutwa mfukoni ilikuwa ya mshtakiwa, hilo si lako. Lako ni kilichomo ndani ya kete.

Kuanzia sasa, fanya haya. Rudia vitabu vyako vya kemia ya ogania na spektroskopia, hasa jinsi molekuli zinavyovunjika. Tafuta mapendekezo ya SWGDRUG na maktaba yao ya spektra, yaani grafu za dutu zinazojulikana, ambayo nayo ni bure, pamoja na vitabu vya mbinu vya UNODC. Tafuta nafasi ya kujitolea au kufanya mazoezi kwenye maabara yoyote yenye utaratibu mkali wa ubora, hata ikiwa ya chakula, maji au dawa za hospitali. Nidhamu ya daftari ni ileile. Omba ruhusa ukae kwenye kesi za wazi katika mahakama ya Kisutu usikilize mashahidi wataalamu wanavyohojiwa, na kaka yako atakuwa msaada mkubwa katika hilo.

Na siku ukiitwa kwenye usaili, wakifika pale pa "una swali?", waulize nani atapitia ripoti zako, utapewa muda gani wa mafunzo kabla ya kusaini, na mara ya mwisho maabara ilipojipima kwa sampuli za nje ilipata matokeo gani. Sikiliza jibu la hilo la tatu kwa makini. Maabara inayokuambia wazi kwamba kuna sampuli ilikosea, ikakueleza chanzo na ilivyorekebisha, hiyo nenda ukafanye nayo kazi.